Jiwe la Kumi na Saba

Kwa misimu miwili nimeosha vigae vya vyungu kwa mswaki na ndoo mbili za maji, na naweza kuapa kwamba nusu ya vigae hivyo ni vyombo vya bibi yangu. Kimoja nilikitambua kabisa. Kilikuwa mkono wa jagi ambalo kaka yangu Hayil alilikalia akiwa na miaka saba, kisha akamsingizia mbuzi. Nilimwonyesha Daktari Sawsan. Alicheka kidogo, akakiandika namba, akakitia mfukoni pamoja na vingine.

Daktari Sawsan ni mtu wa mji wa Irbid, mwembamba kama ufito, na akianza kufikiri hutafuna mbegu za tikiti bila kujua. Alikuja kwetu Rujm Hilal kutafuta mji uliopotea, Beth-Nahala. Askofu mmoja wa zamani, aliyekuwa akiorodhesha miji ya vitabu vitakatifu, aliuandikia mstari mmoja tu: uko kwenye jiwe la kumi na saba, katika barabara itokayo Rabba kwenda kusini, kilimani, mkono wa kushoto. Mawe hayo, ya mviringo kama nguzo fupi, Warumi waliyasimika kando ya barabara zao, moja kila maili, kila jiwe na namba yake. Na jiwe la kumi na saba lilikuwa mlangoni kwetu. Tulikuwa tukilikalia kunywa chai.

Basi likasomwa, likapigwa picha, na kilima kilicho nyuma ya kijiji chetu kikapewa heshima ambayo hakijawahi kuiota. Hayil ndiye aliyefaidi. Alipewa ulinzi wa machimbo, akavaa fulana yenye mifuko mingi isiyo na kitu ndani, akajenga vyumba viwili vya wageni, akapaka rangi kibao: KARIBUNI BETH-NAHALA. Wageni waliofika mpaka wakati huo ni Wajerumani wawili waliopotea njia.

Watu wa Shuqayfa, ng'ambo ya bonde, walisema jiwe lile ni lao. Hayil akasema ni kijicho. Sisi na Shuqayfa tumeoleana tangu enzi na enzi, ni wajomba na wapwa, kwa hiyo hatupendani sana. Mama yangu mwenyewe, Thurayya, ni mtu wa huko.

Jumatano moja ya mwezi wa sita, ngano ikiwa imeshavunwa karibu yote, Daktari alikuja akachuchumaa kando ya ndoo zangu.

"Mama Rakan," akaniambia, maana Rakan ndiye kifungua mimba wangu, "vigae hivi unavionaje?"

"Naviona vya juzi."

"Juzi ya lini?"

"Juzi ya bibi yangu. Si kila kilichochakaa ni cha Mrumi, Daktari."

Alitema ganda la mbegu. "Misimu miwili nimechimba. Nimepata viko vya tumbaku, kiatu cha punda na zizi la kondoo. Mji haukai mahali miaka elfu ukaondoka bila kuacha kitu. Unaacha majivu, mifupa, misingi ya kuta. Hapa hapakuwa na mji, dada yangu. Nashuku ulikuwa kule."

Aliinua kidevu kuelekea Shuqayfa. Juu ya Kilima cha Nungunungu, tingatinga la manjano lilikuwa limeegeshwa tangu wiki iliyopita. Kampuni ya kokoto ilikuwa imekikodi kilima kizima.

"Jumapili wanaanza kupasua," akasema.

"Si uwazuie?"

"Kwa lipi? Niwaambie moyo wangu umekataa? Karatasi zao zimekamilika. Nikipima kwenye ramani, kilima chochote kati ya hivi viwili kinaweza kuwa ndicho, maana barabara ya zamani imefutika yote. Shahidi ni jiwe peke yake. Lakini tazama, lina shimo la mpini ubavuni. Jiwe hili limewahi kuviringishwa juu ya paa kushindilia udongo, na mawe ya paani hutembea. Sasa nakuuliza wewe uliyezaliwa hapa. Liko hapa tangu lini?"

Kabla sijafungua kinywa, Hayil akajibu kwa sauti kutoka kivulini kwake. "Tangu gharika ya Nuhu! Baba alilikuta kilimani akilima. Andika hivyo hivyo, Daktari."

Daktari hakuandika. Alinitazama mimi, nami nikatazama ndoo.

Nilipokuwa mdogo nyumba zetu zilikuwa na paa la udongo na mabua. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila baba hupanda kulishindilia paa lake kwa kuviringisha jiwe juu yake, ili lisivuje. Jiwe letu lilikuwa jeupe. Baba alilipaka chokaa kila mwaka, na sikuwahi kuona mtu mwingine akipaka jiwe la paani chokaa. Siku moja nilimuuliza kwa nini analipamba kama bibi arusi, nikapigwa kofi ambalo baba yangu, mtu mpole, hakuwahi kunipiga tena. Kofi lile nilikuwa nimelisahau. Jumatano ile shavu likanikumbusha.

Nilimkuta Mama darini, siku hizi ni la saruji na jiwe lilishashushwa mlangoni, akianika mabonge ya maziwa makavu na kufukuza shomoro kwa makofi na matusi. Ana miaka themanini na minne na matusi yake yamekomaa.

"Mbona mapema? Wamekufukuza?"

"Mama, jiwe letu lilitoka wapi?"

Alipanga bonge moja, akapanga la pili. "Nani anauliza?"

"Daktari."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Aligeuka akatazama ng'ambo ya bonde. Kutoka dari letu Kilima cha Nungunungu kinaonekana chote, na chini yake uwanja wa kupuria ngano ambako bibi alimzaa Mama siku ya mavuno, akapumzika kidogo, akarudi kupepeta. "Wanakipasua lini?"

"Jumapili."

"Basi kaa chini. Jiwe ni la baba yangu mimi."

Nilikaa.

"Zamani hizo," akasema, "bibi arusi hatoki kwao hivi hivi. Watu wa bwana arusi wakija kumchukua, wanaletewa jiwe la paa la nyumba ile, na mwanamume mmoja wa kwao sharti aliinue mpaka kifuani. Akishindwa, hawana bibi arusi. Kawaida hutumwa binamu mwenye misuli, bwana arusi abaki na nguo safi. Lakini baba yako, Mungu amrehemu, akasema mke ni wangu, na jiwe ni langu. Akalikumbatia. Likafika magotini. Kisha akaanguka matako chini, jiwe likabingirika likaenda zake."

"Watu wakafanyaje?"

"Watu wakanyamaza, kwa heshima. Mimi nikacheka."

"Mama!"

"Nilikuwa na miaka ishirini, Wadha! Nimekaa juu ya farasi, nimefunikwa shela, na sijapata kuona kichekesho kama kile. Nilicheka mpaka farasi akashtuka. Baba yako akasikia. Kila mtu alisikia." Alifukuza shomoro mmoja. "Ami yangu ndiye aliyeokoa siku. Akawaambia, mchukueni, lakini jueni hatujamtoa. Siku mtakayoliinua jiwe, siku hiyo tutasema tumemtoa. Hata siku arubaini hazijaisha, baba yako akaenda na binamu wawili na ngamia, wakaliiba. Nadhani hakuweza kuvumilia likae kule, kila apitaye alione, akumbuke. Akalipaka chokaa, akalipandisha paani. Wazee wa Shuqayfa walipokuja kuuliza, akaapa. 'Wallahi, jiwe lenu halimo ndani ya nyumba yangu.'"

"Nalo liko juu yake."

"Nalo liko juu yake. Alikuwa mcha Mungu, hakutaka kusema uongo."

Nilicheka, kisha nikaona macho yake hayacheki.

"Na wewe ulijua tangu lini?"

"Mimi? Nimeliviringisha jiwe lile tangu nina miaka tisa. Lile shimo la ubavuni, kidole changu kinaingia chote." Akakiinua kidole chenyewe, kimepinda kwa uzee. "Mara ya kwanza kupanda paa la mume wangu nikakitia. Kikaingia. Nikaliambia, ndugu yangu, kumbe na wewe umeolewa huku? Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshamcheka mara moja mbele za watu, nikaona yatosha."

"Na baba yako wewe, alilitoa wapi?"

"Babu yangu ndiye aliyelitoa. Chini ya Nungunungu, pale njia ya kondoo inapokata kona. Lilikuwa limesimama barabarani, likakatika kwa tetemeko. Kisiki chake kipo mpaka leo, cha pembe nne. Wachungaji wanatia chumvi juu yake, kondoo wanalamba."

Niliteremka ngazi mbili mbili, na mimi si msichana.

Hayil alikuwa amekaa juu ya jiwe akipuliza chai. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, nikadhani imekwenda vizuri.

"Baba yuko kaburini miaka kumi na mmoja," akasema, "na wewe unataka kumwita mwizi mbele ya Shuqayfa?"

"Simwiti mwizi. Aliiba tu."

"Wadha!"

"Hayil, Jumapili wanapasua mji. Daktari anautafuta na umekaa juu ya ushahidi, tena kwa makalio."

"Na vyumba vyangu? Na kibao?"

"Kibao kina upande wa pili. Utaandika kitu kingine."

Alikiweka chini kikombe. "Wewe unafanya mzaha. Mimi baba alinilea kwa neno moja tu, kwamba mtu hana mali ila kauli yake. Nimeoa kwa hilo, nimewalea wanangu kwa hilo. Leo nisimame niseme kauli ya baba yangu ilikuwa ya hila? Mimi nitabaki na nini?"

Hapo nilimhurumia, maana alikuwa amesema kweli.

Jibu lilikuwa linateremka ngazi. Mama alikuwa akija kipandio kimoja kimoja, shungi jeusi la sikukuu kichwani na furushi la nguo kwapani.

"Unakwenda wapi, Mama?" Hayil akauliza.

"Kwetu. Nimesusa."

Huku kwetu mke akikosewa na upande wa mume, hufunga nguo zake akarudi kwa ndugu zake, nao wanaume wa upande wa mume sharti wamfuate. Wataketi, watawekewa kahawa, na hawataionja mpaka shauri lake limalizike. Nyumba iliyosusiwa na mwanamke ikachelewa kumfuata inachekwa mpaka na kuku. Hayo kila mtu anayajua. Ila hakuna aliyewahi kusikia mjane wa miaka themanini na minne amesusa.

"Umesusa nini?" Hayil alikuwa anakaribia kulia. "Mume mwenyewe alishakufa!"

"Ndiyo maana nimechelewa," Mama akasema. "Nilikuwa namstahi."

Rakan alitupeleka kwa pikapu. Tukafikia kwa Baba Dhiyab, mtoto wa kaka yake Mama, mkubwa wa Shuqayfa, mtu wa masharubu mawili yaliyokwenda kila moja upande wake. Alimbusu Mama kichwani, akauliza habari ya mifugo, akauliza habari ya mvua, wala hakuuliza furushi ni la nini. Mke aliyesusa haulizwi. Watakuja wenyewe waseme.

Alhamisi nilimpeleka Daktari kwenye kisiki. Kondoo walikuwa wamekizunguka, akawasukuma kwa magoti huku akiwaomba radhi. Kilikuwa kile kile alichosema Mama, kitako cha pembe nne kimezama ardhini, juu yake pamevunjika mshazari, chumvi imejaa kwenye ufa. Tingatinga lilikuwa limeshaweka alama za njia yake, vijiti vyekundu, na kijiti kimoja kilichomekwa hatua nne tu kutoka hapo.

"Kisiki hakina namba," akasema Daktari. "Nikipeleka picha ya kisiki, wataniambia ni kisiki. Nahitaji jiwe lenyewe, juu yake, ufa kwa ufa."

"Basi tulichukue."

"Mlangoni kwa kaka yako? Kwa nguvu?"

Jiwe lililokwisha kuibwa mara moja halistahili kuibwa mara ya pili.

Akapanda kilimani peke yake, akarudi kofia yake imejaa vigae. Nikaviosha pale pale kwa maji ya kondoo. Vilikuwa vinene, vyekundu, vizito mkononi, na kwenye kimoja mfinyanzi alikuwa ameacha alama ya kidole gumba. Nilikitia gumba langu. Lilikuwa dogo kuliko lake kidogo tu. Kwa mara ya kwanza katika misimu miwili nilikuwa naosha chungu cha mtu nisiyemjua, na nilifurahi kama mtu aliyepokea mgeni.

Hayil alivumilia Alhamisi yote. Baadaye mkewe alinisimulia kwamba muuza mboga alimuuliza, je, mama yenu amerudi? Na mwalimu akauliza, na wale wa msikitini wakauliza, wote kwa huruma kubwa, na kila mwenye huruma alikuwa anauma midomo asicheke.

Ijumaa baada ya swala pikapu yake ikaingia Shuqayfa. Alikuja na binamu watatu, wamevaa majoho, nyuso za mazishi. Nyuma ya gari kulikuwa na kitu kimefunikwa zulia.

Wakaketi. Baba Dhiyab akamimina kahawa ya hiliki kwa mkono wake. Hayil akapokea kikombe, akakiweka chini mbele yake bila kukionja.

"Kahawa yako imepokelewa," akasema, "lakini hatuinywi mpaka tupate tulichojia."

"Semeni, mtapewa."

Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia la mlango, Mama amekaa kwenye kiti na Daktari amesimama nyuma yake akitafuna mbegu. Niliomba Mungu kaka yangu apate kinywa. Alianza kwa kusifu mababu. Akasifu ujirani. Akasifu bonde linalotuunganisha, ambalo kwa kweli linatutenganisha. Kisha maneno yakamwishia, akatazama zulia.

"Baba yangu alichukua jiwe lenu," akasema. "Akaapa halimo ndani. Lilikuwa juu."

Nilisikia Daktari akimeza mbegu na ganda lake.

"Tunajua," akasema Baba Dhiyab.

"Mnajua?"

"Hayil, ndugu yangu, nani mwingine duniani anapaka jiwe la paani chokaa? Wazee wetu walikuja siku ile, baba yako akaapa, wakainua macho juu, wakaliona, wakaaga. Baba yangu mwenyewe alikuwepo."

"Mbona hawakusema?"

"Dada yake alikuwa ndani ya nyumba ile, ana mimba yako wewe. Wangesema, ingekuwa ni vita, na yeye angerudishwa kwetu bila mume. Baba akasema jiwe ni jiwe, tutapata jingine, Thurayya hatutapata mwingine. Tangu hapo likakatazwa kutajwa. Wewe ulipoanza kuweka vibao ndipo vijana wakashindwa kujizuia."

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa shungi. Miaka sitini na minne alidhani anailinda siri ya mumewe dhidi ya ndugu zake, kumbe ndugu zake wanailinda siri hiyo hiyo kwa ajili yake. Machozi yalimtoka, nami yakanitoka, na Daktari akatoa leso moja tukagawana.

"Haya, kunywa kahawa yako," akasema Baba Dhiyab. "Umesamehewa, na baba yako amesamehewa."

Hayil akanyoosha mkono.

"Asinywe!" Mama akasema kwa nguvu, akalifunua pazia. "Shauri ni langu, na mimi bado. Walipokuja kunichukua hawakuliinua. Waliinue leo. Na wakaliinulie pale pale lilipokatika."

Shuqayfa nzima ikatoka. Kijiji kile hakijaona sinema tangu kianzishwe. Mama alipelekwa na pikapu mpaka kwenye kona ya njia ya kondoo, akawekewa kiti chake. Daktari akapiga magoti, akakisafisha kisiki kwa mswaki wangu mpaka ufa ukaonekana wote. Nilipaswa kumwambia mswaki huo si wake, lakini nilimwachia.

Binamu wakalishusha jiwe kwa kamba, wakalilaza kando. Hayil akavua joho. Akavua na ile fulana ya mifuko.

"Mtu mmoja," akasema Baba Dhiyab, masharubu yakicheza. "Ndiyo ada."

"Ana mgongo mbovu," nikasema.

"Nyamaza, Wadha," Hayil akaniambia. Akachuchumaa, akasema bismillahi, akalikumbatia jiwe kama mtu anayeagana na ndugu.

Likatoka chini. Likafika magotini. Uso wa Hayil ukawa mwekundu, kisha wa zambarau. Halafu miguu ikateleza kwenye chumvi ya kondoo, akaanguka matako chini, puu! Jiwe likabingirika hatua mbili likatulia.

Watu wakanyamaza, kwa heshima.

Mama akacheka.

Kilikuwa kicheko cha msichana kabisa, chembamba, cha ghafla, akakiziba kwa mikono miwili na bado kikapenya. Sote tukamtazama Hayil. Sikuwahi kumwogopea kaka yangu kama dakika ile. Alikuwa amekaa mavumbini, chumvi kwenye suruali, anamtazama mama yake.

"Baba alianguka hivi hivi?" akauliza.

"Hivi hivi," Mama akasema akijifuta macho. "Ila yeye hakuwa na tumbo."

Na Hayil akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalala chali, na Shuqayfa, iliyokuwa imejizuia kwa adabu kubwa, ikaripuka yote. Baba Dhiyab akavua joho lake, akalirusha juu ya kondoo.

"Ada na itusamehe," akasema. "Shika huko, mwana wa shangazi."

Wakalishika sita, watatu wa kwetu, watatu wa kwao, wakibishana nani anavuta na nani anasukuma. Likasimama. Likainuka juu ya kisiki. Daktari alikuwa katikati ya miguu yao akiwaongoza. "Geuzeni kidogo. Kulia. Kulia kwenu si kulia kwangu! Hapo. Shusheni." Jiwe likashuka, likageuka lenyewe upana wa kidole kimoja, likakaa kama kifuniko kwenye sufuria yake. Nilijaribu kupenyeza punje ya ngano kwenye ufa. Haikuingia.

Maandishi yalikuwa yameelekea barabarani, pale alipopaswa kuyasoma msafiri anayekuja kutoka Rabba. Na juu yetu, mkono wa kushoto, kilikuwa kilima.

Daktari alipitisha kidole juu ya namba, taratibu, kana kwamba hajawahi kuisoma. "Kumi na saba," akasema. Akakaa chini hapo hapo kwenye chumvi akalia waziwazi, na mwana-kondoo mmoja akaanza kumlamba kiwiko. Kisha akasimama, akapiga picha mia mbili, na usiku ule ule akazituma kwa wakubwa wake.

Jumapili tingatinga halikuwashwa. Jumanne lilibebwa na lori likaondoka, na barua ya kukilinda kilima ilifika wiki ile ile. Kazi imehamia Shuqayfa, nami naenda huko kila asubuhi na ndoo zangu, na Hayil anakuja kulinda kwa zamu na kijana wa Baba Dhiyab. Kibao chake amekigeuza. Sasa kinasema: BETH-NAHALA NUSU SAA MBELE. CHAI NI HAPA. Wageni wanasimama kweli, maana njia ni moja na jua ni kali.

Lakini hayo ni ya baadaye. Ijumaa ile, jiwe lilipokwisha kusimama, Baba Dhiyab alijifuta mikono akamwendea Mama kwenye kiti chake.

"Shangazi," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "leo tumekutoa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama akalitengeneza shungi lake, akachukua furushi lake, akapanda pikapu ya Hayil, kiti cha mbele.

"Haya," akamwambia, "nipeleke kwa baba yako."

Hayil alijua maana yake. Alisimamisha gari kwenye makaburi, nasi tukamshika Mama huku na huku mpaka kwenye kaburi la Baba. Alisimama akipata pumzi.

"Sabil," akamwambia mumewe, "limeinuliwa. Nisamehe kile kicheko."

Kisha akakumbuka, nadhani, chumvi kwenye suruali ya mwanawe, kwa sababu mabega yalianza kumtikisika tena. Alijitahidi, hakuweza. Hayil akamkumbatia ili asianguke, naye akicheka, wakasimama hivyo wawili mbele ya Baba mpaka wakaweza kusoma fatiha.